Utando wa ZnS wenye manganizi: kuutengeneza, kuupima kwa EPR na kuusoma mwanga wake

Salfaidi ya zinki, ZnS, ikiwa safi haina mwanga wa kujivunia. Toa atomu moja ya zinki katika kila mia, weka manganizi mahali pake, nayo itaanza kutoa rangi ya chungwa iliyokolea, kilele chake kikiwa karibu na 585 nm. Rangi hiyo ndiyo iliyobeba skrini za kwanza za tando (matabaka membamba sana yaliyopakwa juu ya kioo) zinazowashwa kwa umeme. Sharp ya Japani ilizionyesha mwaka 1974, na mwaka 1983 ubao wa kutangazia safari katika uwanja wa ndege wa Helsinki uliwaka kwa tando zilizopandwa tabaka moja moja la atomu, ufundi ulioasisiwa na Mfini Tuomo Suntola.

Kwa anayejifunza, ZnS yenye manganizi ina faida moja kubwa: ayoni inayotoa mwanga ndiyo hiyohiyo inayoitikia sumaku. Mn²⁺ ina elektroni tano zisizo na wenza. Elektroni hizo zikisisimuliwa na kurudi chini, hutoa rangi ya chungwa. Zikiwekwa ndani ya uga sumaku na kupigwa kwa maikrowevu, hunyonya nishati, na hiyo ndiyo resonansi ya sumaku ya elektroni, ambayo maabara nyingi huiita EPR kwa kifupi. Kiini cha manganizi, ambayo kiasili ni aina moja tu, ⁵⁵Mn yenye spini 5/2, huupasua mstari mmoja wa EPR kuwa mistari sita, na umbali kati ya mistari hiyo hubadilika kulingana na majirani wa ayoni. Kwa hiyo utando ukikataa kung'aa, EPR inaweza kukuambia manganizi imeketi wapi. Hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa ili jibu hilo lipatikane bila kuchafuliwa na mambo mengine.

Tunasema utando badala ya filamu, maana filamu watu wanaenda kuitazama. Kudopi ni kutia kwa makusudi kiasi kidogo cha atomu za kigeni ndani ya semikonda.

Kioo cha chini

Makosa mengi ya EPR huanzia hapa, kabla hata ya kemikali kufunguliwa. Kioo cha kawaida cha slaidi za hadubini kina chuma ndani yake. Fe³⁺ iliyo ndani ya kioo hutoa mstari kwenye g = 4.3 (g ni namba inayotambulisha mahali pa mstari wa EPR), yaani karibu 158 mT (militesla, kipimo cha uga sumaku) kwa spektromita ya 9.5 GHz, na mkia wake hufika hadi eneo la manganizi. Pia kioo hicho huanza kulegea ukikaribia 550 °C, joto tutakalolihitaji baadaye. Tumia kioo cha kwatzi, unene wa milimita 0.5. Ni ghali, lakini unaweza kukisafisha na kukitumia tena, kwa kuwa ZnS huyeyuka kwenye asidi.

Kata kabla ya kupaka. Vipande vya EPR viwe na upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 20. Vitatu vikipangwa pamoja vinaingia kwenye mrija wa EPR wa milimita 4 kwa nje, ambao kwa ndani una takriban milimita 3. Vya kupima mwanga viwe vya mraba, milimita 15 kwa 15. Ukikata baada ya kupaka, kingo za utando hubanduka na chuma cha kifaa cha kukatia huacha mstari mpana usioeleweka.

Kusafisha: sabuni ya maabara, maji, kisha dakika 10 kwenye asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 ili kuondoa metali, maji yasiyo na ayoni mara tatu, asetoni dakika 10, aisopropanoli dakika 10, kausha kwa naitrojeni. Kuanzia hapo shika kwa kibano cha plastiki tu.

Myeyusho

Njia tunayoitumia ni ya kunyunyiza juu ya kioo cha moto. Kuvukiza ndani ya ombwe hutoa tando laini zaidi, lakini mashine yake si ya kila maabara, na kunyunyiza kunakuruhusu kubadilisha kiwango cha manganizi kwa pipeti tu.

Kwa mililita 200:

- kloridi ya zinki, ZnCl₂: gramu 1.363 (moli 0.01)
- thiourea: gramu 1.522 (moli 0.02)
- manganizi kutoka kwenye myeyusho wa akiba, kama inavyoelezwa hapa chini
- maji yasiyo na ayoni hadi kufikia mililita 200

Kloridi ya zinki hunywa unyevu wa hewa kwa pupa. Chupa iliyokwisha kufunguliwa mara nyingi, hasa maeneo ya pwani, huwa na maji mengi kuliko unavyodhani, na gramu ulizopima hazina zinki yote. Kausha kwanza au nunua chupa ndogo ndogo. Ikiyeyuka kwa kutoa ukungu mweupe, dondosha asidi hafifu ya haidrokloriki, tone moja moja, mpaka maji yawe maangavu kabisa. Usiende upande wa besi: thiourea kwenye besi huachia salfaidi, na ZnS yako itaganda ndani ya bika badala ya kwenye kioo.

Kwa nini thiourea mara mbili ya zinki? Zinki, klorini na thiourea mbili huungana kuwa kundi moja, nalo likipata joto huvunjika na kuacha ZnS. Ukipunguza thiourea, oksijeni ya hewa huichukua zinki na unapata ZnO, oksaidi ya zinki. Tutarudi kwenye ZnO, maana ndiyo adui mkuu wa kazi hii.

Manganizi usiipime kwa mizani kila mara. Asilimia 1 ya moli 0.01 ni miligramu 19.8 tu za MnCl₂·4H₂O, na mizani ya kawaida itakukosesha. Yeyusha gramu 0.198 katika mililita 100. Huo ndio myeyusho wa akiba wa 0.01 M. Mililita 1 yake hukupa asilimia 0.1, mililita 5 asilimia 0.5, mililita 10 asilimia 1, mililita 30 asilimia 3. Tengeneza mfululizo mzima wa viwango hivyo, pamoja na utando mmoja usio na manganizi kabisa. Huo wa mwisho watu huuruka, kisha wanajuta wakiulizwa mstari fulani umetoka wapi.

Tumia myeyusho siku hiyohiyo. Thiourea inashukiwa kusababisha saratani, kwa hiyo vaa glavu unapoipima na usivute unga wake puani.

Kunyunyiza

Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kufyonza moshi, kwa sababu moshi unaotoka una asidi ya haidrokloriki, amonia na gesi za salfa. Pua ya kunyunyizia iwe ya kioo au plastiki. Bomba dogo la wachoraji linavutia kwa bei, lakini lina shaba ndani. Kloridi huila shaba hiyo polepole, na shaba kidogo sana ndani ya ZnS hutoa mwanga wa kijani unaofunika kila kitu. Nebulaiza ya plastiki, kama zile za wagonjwa wa pumu, hufanya kazi vizuri ingawa ni ya polepole.

Weka vipande juu ya bamba nene la chuma lililo kwenye hotpleti. Lenga 480 °C juu ya kioo chenyewe. Namba iliyo kwenye hotpleti isikudanganye. Bana themokapo juu ya kipande cha kioo cha ziada, maana tofauti inaweza kuzidi nyuzi 50. Umbali wa pua hadi kioo sentimita 25 hadi 30, mtiririko mililita 3 kwa dakika, gesi ya kubeba naitrojeni ukiwa nayo, hewa kavu ukikosa. Nyunyiza sekunde 10, pumzika sekunde 40 mpaka joto lirudi. Ukinyunyiza mfululizo, kioo hupoa chini ya 400 °C na utando hujaa kloridi na mabaki ya thiourea. Utauona una madoa meupe kama chumvi iliyokauka.

Mililita 200 zikinyunyizwa juu ya eneo la sentimita 20 kwa 20 zingetoa takriban mikromita 6 kama kila kitu kingeshika. Hakishiki. Kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 ndiyo hubaki, yaani nanomita 300 hadi 600, na huo ndio unene unaofaa. Usizidishe mikromita 1: ZnS hutanuka kwa joto mara kumi na zaidi kuliko kwatzi, kwa hiyo ikipoa huvutwa, na utando mnene hupasuka kama tope la bwawa lililokauka.

Unene usome kwenye spektra ya mwanga unaopita. Tafuta vilele viwili vinavyofuatana na tumia d = λ₁λ₂ / [2n(λ₁ − λ₂)], n ikiwa 2.3. Vilele kwenye 767 nm na 575 nm vinakupa takriban nanomita 500. Hesabu hii inapuuza kwamba n hubadilika na rangi, lakini kwa kazi yetu inatosha.

Kuchoma mara ya pili

Utando uliotoka kwenye hotpleti huwa hafifu kwa mwanga. Fuwele ni ndogo, na manganizi nyingi iko kwenye mipaka yake. Uchome kwa 550 °C, saa 1, ndani ya mrija wa kwatzi wenye argoni inayopita mililita 100 kwa dakika, na chombo kidogo cha kauri chenye gramu 0.5 za salfa kikiwa upande gesi inakoingilia, mahali penye takriban 180 °C. Mvuke wa salfa huzuia ZnS isipoteze salfa yake.

Salfa hiyo itaganda upande wa kutokea. Ukiweka mpira mwembamba pale, utaziba katikati ya kazi na presha itapanda. Tumia mrija mpana, upitishe gesi kwenye chupa ya sodiamu haidroksaidi, na chupa hiyo iwe ndani ya kabati. Poza nyuzi 3 kwa dakika. Usifungue hewa mpaka tanuri lishuke chini ya 100 °C.

Sasa ukaguzi wa haraka gizani. Taa ndogo ya kukagulia noti, ile ya mawakala wa pesa za simu, kwa kawaida ni ya 365 au 395 nm. Fotoni ya 365 nm ina eV 3.4 tu, wakati pengo la nishati la ZnS, yaani nishati inayohitajika kuzisisimua elektroni zake moja kwa moja, ni karibu eV 3.6 hadi 3.7. Kwa hiyo taa hiyo huisisimua ZnS kwa kupitia kasoro tu na utaona rangi ya chungwa dhaifu, au hutaona kitu. Usitupe utando kwa kigezo hicho. Taa ya 254 nm ndiyo inayosema kweli, ila hiyo huunguza macho na ngozi: miwani, mikono mirefu, sekunde chache.

EPR

Resonansi hii iligunduliwa na mwanafizikia Yevgeny Zavoisky huko Kazan, Urusi, mwaka 1944, na chumvi za manganizi zilikuwa miongoni mwa vitu vyake vya kwanza. Mn²⁺ ni rafiki wa spektromita: hufanya kazi katika joto la chumba bila heliamu.

Hesabu kwanza kama una spini za kutosha. Kipande cha milimita 2 kwa 20, unene nanomita 500, kina karibu zinki 5 × 10¹⁷. Asilimia 1 ni manganizi 5 × 10¹⁵, asilimia 0.1 ni 5 × 10¹⁴. Spektromita ya kawaida ya X-band, yaani ya karibu 9.5 GHz, huona kiasi hicho bila shida, hata kikigawanywa kwenye mistari sita. Ukikosa ishara yenye asilimia 1, tatizo si uhaba.

Futa nyuma ya kila kipande kwa pamba yenye asidi ya haidrokloriki, ndani ya kabati, maana hutoa gesi ya salfaidi ya haidrojeni yenye sumu. Suuza, kausha kwa 120 °C saa 1. Unyevu hunyonya maikrowevu na kaviti, yaani chumba cha maikrowevu kinachoingia mrija, hukataa kutulia. Panga vipande vitatu ndani ya mrija wa kwatzi, nyuso zikielekea upande mmoja, na weka alama nje ya mrija ili ujue vimeelekea wapi.

Mipangilio ya kuanzia: nguvu 2 mW, modulesheni (kuutikisa uga kidogo kidogo) 100 kHz yenye ukubwa wa 0.3 mT, katikati 340 mT, upana wa kufagia 120 mT, pointi 2048, fagia mara 10 hadi 20 na jumlisha. Kabla ya hapo fagia mara moja kutoka 0 hadi 600 mT. Huo mfagio mpana ndio utakaokuonyesha chuma, mistari mipana ya mafungu ya manganizi, na uchafu wa kaviti. Rudia vyote kwa mrija mtupu na kwa utando usio na manganizi.

Modulesheni ndiyo hupotosha wengi. Ikizidi theluthi moja ya upana wa mstari, mistari huvimba. Kwa asilimia 0.1, ukitumia 1 mT kwa sababu ishara inapendeza, mistari midogo iliyo katikati ya ile sita hupotea, na hiyo midogo ndiyo inayokueleza jinsi mazingira ya ayoni yalivyopinda. Nguvu ijaribu hivi: panda kutoka 2 hadi 8 mW. Ishara ikiongezeka maradufu, uko salama. Ikiongezeka kidogo kuliko hapo, unaijaza kupita uwezo wake.

Sasa kusoma. Chukua umbali kati ya mstari wa kwanza na wa sita, gawanya kwa 5. Usipime pengo moja tu. Mapengo hayalingani: kwa ZnS kwenye 9.5 GHz utaona kitu kama 6.5, 6.7, 6.8, 6.9 na 7.1 mT kadiri uga unavyopanda. Hiyo si kasoro ya mashine, ni tabia ya kiini na uga kushindana. Wastani ndio jibu, nao huitwa A.

- 6.8 mT: Mn²⁺ imechukua nafasi ya zinki ndani ya ZnS, ikizungukwa na salfa nne. Hii ndiyo unayoitaka.
- karibu 7.9 mT: Mn²⁺ iko ndani ya ZnO. Utando wako umeoksidika.
- karibu 9 mT: Mn²⁺ iko juu ya uso au kwenye mipaka, ikizungukwa na oksijeni sita au maji.

Seti mbili zinaweza kukaa pamoja. Zikikaa, mistari ya pembeni hutengana kwanza na ya katikati hulaliana, kwa hiyo tazama mstari wa kwanza na wa sita kama una bega. Bega upande wa nje wa mstari wa kwanza ni manganizi ya uso. Mara nyingi hupungua baada ya kuchoma kwa 550 °C, na ndiyo njia nzuri kabisa ya kujua kama uchomaji ulifanya kazi.

Thamani ya g: pima frekwensi kwa kaunta, usiisome kwenye kibandiko. g = 71.4477 × ν / B, ν ikiwa kwa GHz na B kwa mT. Ukichukua katikati ya mstari wa tatu na wa nne tu, utapata 2.0056 na kuandika kwamba umegundua kitu. Hujagundua. Mistari hiyo miwili imesukumwa chini kwa takriban 0.58 mT na kiini. Rudisha hiyo 0.58 kwenye B na g inakuwa 2.002, kama inavyotakiwa. Weka punje ya DPPH, kemikali ya kulinganishia ambayo g yake inajulikana (2.0036), ili kukagua uga.

Kuhesabu spini ni kazi ya kushuku. Uintegrali wa mara mbili huchukua kila kosa la mstari wa chini na kulikuza. Zaidi ya hapo, Mn²⁺ ina spini 5/2, yenye mabadiliko matano ya sumaku yanayogawana nguvu kwa uwiano wa 5:8:9:8:5. Katika utando wa fuwele ndogo ndogo, mara nyingi kinachoonekana kwa ukali ni lile la katikati tu, yaani 9 kati ya 35. Anayesahau hilo hutangaza kwamba robo tatu ya manganizi yake imepotea. Na isiyoonekana kweli ipo pia: Mn³⁺ haionekani kwenye X-band ya kawaida, nayo huzaliwa ukichoma hewani.

Kwenye asilimia 3 utaona mistari sita imezama ndani ya mlima mmoja mpana. Manganizi zimekaribiana na zinasumbuana kwa sumaku zao. Hapo A haisomeki tena, na hakuna haja ya kulazimisha kompyuta ikutafutie.

Mwanga

Chanzo kizuri ni leza ya 325 nm ya heliamu na kadimiamu, au LED ya 340 nm. LED ina hila yake: LED nyingi za urujuanimno hutoa pia mwanga hafifu wa njano, palepale unapotafuta 585 nm. Weka kichujio cha kupitisha 340 nm tu mbele ya LED, kisha pima kipande cha kwatzi kitupu. Kikionyesha rangi ya chungwa, imetoka kwenye taa. Leza ya 325 nm nayo hurudi kwenye spektromita kama mstari wa 650 nm kwa sababu ya oda ya pili ya greti, kile kipande chenye mistari kinachotawanya rangi. Kichujio cha kuzuia chini ya 400 nm mbele ya mlango wa spektromita huondoa tatizo.

Elekeza utando pembe ya nyuzi 45 na kusanya mwanga mahali ambapo mwako wa leza uliorudishwa haufiki. Utarajie mambo mawili: mlima wa bluu karibu na 450 hadi 470 nm, unaotokana na matundu ya zinki yaliyoungana na klorini iliyobaki kutoka kwenye kloridi yetu, na mlima wa chungwa wa manganizi kwenye 585 nm. Mawimbi madogo yanayopanda na kushuka juu ya milima hiyo ni mwanga unaogonga pande mbili za utando. Yakisogea ukibadilisha unene, usiyape majina ya kasoro.

Punguza nguvu ya leza kwa nusu. Mwanga wa chungwa usipopungua kwa nusu, umejaza ayoni. Mn²⁺ hujaa haraka kwa sababu ni mvivu: ili kurudi chini lazima igeuze spini, jambo ambalo kanuni hulikataza, kwa hiyo hukaa juu takriban milisekunde 1.8 manganizi ikiwa chache. Uvivu huohuo huwatega wanaotumia chopa (gurudumu linalokatakata mwanga) na amplifaya inayofuata mdundo wake. Chopa ikizunguka kwa 1 kHz, mwanga wa manganizi haupati muda wa kuzima na kuwaka. Ishara yake hushuka hadi asilimia 9 ya ilivyo, huku bluu yenye kasi ikibaki nzima. Grafu itasema utando wako ni wa bluu, na jicho lako litasema ni wa chungwa. Weka chopa 20 Hz, hapo hupoteza asilimia 2 au 3 tu.

Muda wa kuzimika upime moja kwa moja: LED ya mapigo ya milisekunde 5, mara 20 kwa sekunde, kichujio cha 585 nm, kinasa mwanga na osiloskopu. Angalia rezista. Kebo ya mita 1 ina takriban 100 pF. Ukiweka 10 MΩ unapata milisekunde 1 ya kebo yenyewe, na utaipima kebo badala ya manganizi. Tumia 100 kΩ, ongeza wastani wa mapigo elfu kadhaa.

Kusoma vipimo viwili pamoja

Hapa ndipo gharama ya kwatzi inaporudi. Utando hauna chungwa, na EPR inasema 7.9 mT: ni ZnO, ambamo manganizi haitoi rangi hiyo na huzima hata mwanga wa ZnO yenyewe. Ongeza thiourea hadi uwiano wa 1:3, tumia naitrojeni, kagua kama tanuri linavuja. Hauna chungwa, EPR inasema 9 mT: manganizi iko nje ya fuwele, choma tena, au panda joto la kunyunyizia. Hauna chungwa, EPR inasema 6.8 mT safi na mistari ni myembamba: manganizi imekaa vizuri, ila nishati haiifikii au inaibiwa njiani. Mshukiwa wa kwanza ni chuma, nikeli au kobalti kutoka kwenye kibano au pua. Rudia kwa kemikali za kopo jingine.

Chungwa ipo lakini muda wa kuzimika umefupishwa na si mteremko mmoja: tazama upana wa mistari ya EPR kwenye mfululizo wako. Ikiwa inapanuka pamoja, manganizi zinarushiana nishati kutoka moja hadi nyingine mpaka ifike kwenye kasoro na kupotea. Kwa tando za namna hii mwanga mkali kwa kawaida hupatikana kati ya asilimia 0.5 na 2, na uking'ang'ania 3 kwa kudhani zaidi ni bora, utapata utando hafifu.

Kumbuka pia kwamba asilimia ulizotia kwenye bika si lazima ziwe zilizoingia kwenye fuwele. Andika zote mbili kwenye daftari: ya bika, na ile uliyoipata kwa kulinganisha mistari sita na kipande chako cha asilimia 0.1. Hifadhi vipande kwenye chombo kikavu chenye silika jeli, kwa sababu vikiachwa wazi mezani hunywa unyevu, na lile bega la 9 mT linaweza kurudi.